Barua Iliyo Wazi Mkononi

(Someni kwanza Nehemia 6:1-14)



Mwezi huu twataka kusema juu ya barua moja ya zamani, na juu ya jumbe nyingi zinazoingia kila siku katika simu zetu za mkononi. Wako watakaouliza, Nehemia na mitandao ya kijamii vina shirika gani? Twawaomba waifungue sura hiyo na kuisoma polepole, ndipo waendelee na maneno yetu.

Nehemia alikuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu. Mahali palipobomoka palikwisha kuzibwa, ila milango tu ilikuwa haijatiwa. Ndipo Sanbalati na Geshemu walipotuma mtu kumwita waonane naye huko Ono, naye alikataa, maana alijua wamekusudia kumdhuru. Walimwita mara nne kwa maneno yale yale, naye akawajibu mara nne jibu lile lile. Mara ya tano Sanbalati aligeuza njia. Alimtuma mtumishi wake akiwa na barua iliyo wazi mkononi. Barua ya mtu mkubwa kwa mtu mkubwa siku zile ilikunjwa na kutiwa muhuri, asiisome ila yule aliyeandikiwa. Hii haikutiwa muhuri. Kila aliyekutana na mtumishi yule njiani aliweza kuisoma au kusomewa. Basi jina lililoandikwa lilikuwa la Nehemia, lakini waliokusudiwa ni watu wa njiani.

Na ndani yake mlikuwa na nini? Kwamba habari zimeenea kati ya mataifa ya kuwa Wayahudi wataka kuasi. Kwamba Nehemia ajijengea ukuta ili atawale. Kwamba amekwisha kuweka manabii wa kumtangaza. Na kwamba mfalme atayasikia, kwa hiyo na aje upesi wafanye shauri pamoja. Sasa tuipime barua hii. Nani asema? Mataifa. Mataifa gani, na kwa kinywa cha nani? Haikuandikwa. Shahidi mmoja tu atajwa, Geshemu, naye ni yule yule aliyekuwa akimvizia. Neno la kutisha ni lipi? Hasira ya mfalme. Na msomaji atakiwa afanye nini? Aache kazi yake aje sasa hivi. Nehemia hakwenda. Wala hakuandika kitabu cha kujitetea. Alijibu kwa maneno machache ya kuwa mambo hayo hayakuwako, ni Sanbalati aliyeyatunga moyoni mwake. Nasi wasomaji atueleza kusudi la barua, kwamba walitaka kuwatia hofu ili mikono ya wajenzi ilegee. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Sisi tuandikao haya hatusemi kama watu wasio na doa. Yawapasa mjue tuliyoyafanya.

Jioni moja, baada ya sala ya nyumbani, ujumbe uliingia katika kundi la kwaya ya mtaa wetu. Ulisema ya kuwa watu wenye gari jeupe wapita vijijini wakiiba watoto. Ya kuwa jana watoto wanne walichukuliwa katika kijiji cha jirani. Ya kuwa wakubwa wanaificha habari. Na ya kuwa kila mzazi mwenye upendo autume katika makundi kumi kabla hajalala. Chini yake palikuwa na picha ya watoto wamelala sakafuni, picha ya kuumiza moyo. Tuliutuma. Hatukukusudia ubaya. Tulikuwa na wajukuu ndani ya nyumba, moyo ukashtuka, kidole kikatangulia akili. Kisha tukalala usingizi mzuri, kama watu waliotimiza wajibu wao.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Mchuuzi mmoja wa vyombo vya plastiki, mtu wa wilaya nyingine, alikuja kwa gari dogo la kukodi, nalo lilikuwa jeupe. Alikuwa na mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto akalia akitaka maandazi. Mtu mmoja akasema, Mbona mtoto huyu amlilia? Mwingine akatoa simu na kuwaonyesha wenzake. Punde si punde watu walikuwa wamemzunguka, na jiwe la kwanza likampata juu ya jicho. Ndipo mama mmoja, mzee wa Kanisa, ambaye simu yake haioneshi hata picha, alipojipenyeza akasimama mbele ya mchuuzi na kuuliza kwa sauti kuu, "Aliyepotea ni mtoto wa nani? Mtajeni jina lake. Mama yake yuko wapi, twende tukalie naye?" Watu wakatazamana. Hapana hata mmoja aliyejua jina. Wakati wa kutazamana huko mtendaji wa kijiji akafika, na mtu yule akapona. Vyombo vyake vilikuwa vimekanyagwa, na mtoto alikuwa amejificha chini ya gari.

Hatukurusha jiwe. Hatukuwako hata gulioni. Lakini tulipoisikia habari ile tulitazama simu yetu, tukaona saa tuliyoutuma ujumbe na idadi ya makundi, yakatujia maneno tuliyowafundisha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi juu ya Amri ya Nane. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakuridhika kutuambia tusimzulie jirani uongo. Alitufundisha pia kumtetea na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Mchuuzi yule alikuwa jirani yetu. Sisi tulimshuhudia uongo kabla hatujamwona uso.

Na tuurudie ujumbe ule, tuupime kama tulivyoipima barua ya Sanbalati. Haukuwa na jina la aliyeuandika. Haukuwa na jina la kijiji, maana "kijiji cha jirani" kiko kila mahali. Haukuwa na tarehe. Ulisema "jana", nalo neno hilo katika ujumbe wa kusambazwa halizeeki kamwe; atakayeusoma mwaka ujao atadhani ni jana yake. Uliwatuhumu wakubwa mapema, ili atakayekwenda kuwauliza aonekane mjinga. Ulitaka haraka. Na uliugeuza upendo wa mzazi kuwa fimbo: asiyetuma hawapendi watoto. Mwenye habari ya kweli ya mtoto aliyepotea hasemi hivyo. Hutaja jina la mtoto, umri wake, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mwisho, na namba ya kupigia simu. Maswali ya mama yule gulioni yalikuwa ndiyo hayo.

Picha je? Kijana mmoja wa kwaya aliiingiza katika Google kwa njia ya kutafuta kwa picha, akaikuta ilikwisha kutokea miaka ya nyuma katika habari ya nchi ya mbali isiyohusu wizi wa watoto hata kidogo. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika tano. Kwa hiyo picha yaweza kuwa ya kweli, na maneno yaliyofungwa shingoni mwake yakawa ya uongo.

Jambo hili limeua watu kwingineko. Mwaka 2018 nchini India ilienea katika WhatsApp video iliyoonyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Ilitengenezwa Karachi, Pakistan, kwa kuwaonya wazazi wawalinde watoto wao. Mwisho wake mtoto hurudishwa, na watu wale huonyesha bango la maonyo. Mtu fulani aliukata mwisho huo, akaipeleka video bila bango. Video iliyokatwa hivyo pamoja na uvumi wa namna yake viliwatia watu wazimu. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, wasafiri watano maskini walipigwa hata kufa kwa kudhaniwa kuwa wezi wa watoto. Siku ile nayo ilikuwa ya gulio. Baada ya mauaji ya jinsi hiyo WhatsApp ilipunguza nafasi ya kusambaza ujumbe, kwanza India, na mwezi wa Januari 2019 duniani pote, usitumwe zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Ujumbe uliopita katika mikono mingi hutiwa alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 hauwezi kusambazwa ila mahali pamoja kwa mara moja. Mkiiona mishale hiyo, jueni ya kuwa aliyewaletea siye aliyeuandika, huenda hata hamjui aliyeuandika. Ni mtumishi wa Sanbalati, ashika barua tu.

Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa habari ya mwongo mwenyewe yawezekana, maana hukamatwa. Lakini uongo wake una miguu. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa Marekani walitoa katika jarida la Science uchunguzi wao wa habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa katika Twitter tangu mwaka 2006 hata 2017. Waliona ya kuwa kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Tena walipoziondoa katika hesabu akaunti zinazoendeshwa na mashine, uongo uliendelea kuishinda kweli mbio. Walioukimbiza walikuwa watu kama sisi.

Sanbalati alimwita Nehemia mara nne kwa maneno yale yale. Wapo leo wafanyao kazi hiyo kwa mshahara. Katika mji wa St. Petersburg, Urusi, palikuwa na kampuni iliyoitwa Internet Research Agency, ambayo watumishi wake waliandika katika mitandao wakijifanya Wamarekani. Mwaka 2016 walikuwa na ukurasa wa Facebook uliojidai kuwa wa wazalendo wa Texas, na ukurasa mwingine uliojidai kuwa wa Waislamu wa Marekani. Tarehe 21 Mei mwaka huo ukurasa wa kwanza uliwaita watu wakaandamane mbele ya nyumba ya Kiislamu katika mji wa Houston. Ukurasa wa pili ukawaita wengine wafike mahali pale pale, saa ile ile, kuitetea. Watu walikwenda kweli, wakasimama huku na huku barabarani wakizomeana. Kila upande ulidhani umeitwa na wenzake, na aliyewaita wote alikuwa mmoja, mbali ng'ambo ya bahari. Katika baraza la wazee wa Bunge la Marekani ilisemwa mwaka 2017 ya kuwa gharama yake haikuzidi dola 200 hivi. Yevgeny Prigozhin, tajiri wa Urusi, alikiri mwezi wa Februari 2023 ya kuwa ndiye aliyeianzisha kampuni ile.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwezi wa Oktoba 2019 Facebook ilizifuta kurasa na akaunti za uongo zilizohusishwa na mtu huyo huyo, zilizokusudiwa kwa watu wa Afrika: Madagaska, Msumbiji, Kongo, Sudan na nchi nyingine. Baadhi zilisimamiwa kwa msaada wa wenyeji, ili lugha na mazoea yasiwatie watu shaka.

Linalotuchoma zaidi ni hili. Kampuni ile ya St. Petersburg ilikuwa pia na ukurasa ulioitwa Jeshi la Yesu. Ulionyesha picha za Bwana wetu na maneno ya kutia moyo. Mojawapo ilimwonyesha akishindana na Shetani kwa nguvu za mikono, na msomaji akaombwa abonyeze kama ataka Yesu ashinde. Wakristo wakabonyeza. Mtu atabonyezaje kinyume chake? Lakini kila aliyebonyeza alijiandikisha mwenyewe, na wenye ukurasa wakajua pa kupeleka maneno yao ya siasa na ya chuki. Rudini tena katika sura yetu, aya ya 10. Barua iliposhindwa, Nehemia aliingia katika nyumba ya Shemaya, naye akasema kwa namna ya nabii, akimshauri wajifungie hekaluni kwa kuwa wauaji waja usiku. Maneno yalikuwa ya dini, mahali palipotajwa palikuwa patakatifu. Nehemia alitambua ya kuwa Mungu hakumtuma. Tobia na Sanbalati walimwajiri. Alimtambuaje? Twaona ya kuwa shauri lenyewe lilimfunua, kwa maana lilimtaka aogope, atende dhambi, na kazi isimame. Basi ujumbe unaoanza kwa jina la Yesu na kuishia kwa kumchukia jirani wa dini nyingine, au wa kabila nyingine, au wa chama kingine, tumekwisha kuujua baba yake.

Hapa yatupasa kusema neno gumu juu ya nyumba yetu wenyewe. Luther yule yule aliyetufundisha Amri ya Nane aliandika mwaka 1543 kitabu juu ya Wayahudi, na ndani yake alirudia uvumi wa kale ya kuwa wao hutia sumu visimani na kuiba watoto. Kwa uvumi wa visima Wayahudi wa Strasbourg walikuwa wamechomwa moto mwaka 1349, karibu miaka mia mbili mbele yake. Mwalimu mkuu wa Maandiko hakuuliza, Kisima gani? Mtoto wa nani? Mwaka 1984 Shirikisho la Walutheri Duniani, katika mkutano wake wa Budapest, liliyakataa maneno yale mabaya. Elimu basi haimkingi mtu. Mwenye elimu naye huamini upesi habari mbaya ya mtu ambaye amekwisha kumchukia. Hiyo ndiyo ishara tunayoiogopa kuliko zote, nayo haimo katika ujumbe, imo ndani yetu. Ujumbe unapotupendeza kwa sababu unamwaibisha tusiyempenda, hapo ndipo pa kuweka simu mezani.

Lakini mtu asije akalichukua fundisho hili na kuligeuza ngao ya wakubwa. Twawajua watu wanaoita kila swali uzushi. Mhasibu akiulizwa habari ya sadaka, asema ni fitina za mitandaoni. Soma sura ya 5, iliyo kabla ya ile yetu: maskini walimlilia Nehemia ya kuwa wameweka rehani mashamba yao na watoto wao wametiwa utumwani na ndugu zao. Neno lile lilikuwa chungu, tena liliwagusa wakuu, naye hakusema ni uvumi. Alikasirika, akafikiri, akawaita wakuu mbele ya watu, mashamba yakarudishwa. Tofauti ya sura hizi mbili ni nini? Katika sura ya 5 wenye shtaka walisimama mbele yake kwa nyuso zao, wakataja shamba na mtoto. Katika sura ya 6 hapakuwa na uso. Kukasirisha peke yake si dalili ya uongo.

Wengine wetu wamechoka, wakasema hawataamini tena neno lolote. Huo nao ni ushindi wa Sanbalati, kwa maana mikono imelegea. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walilipokea neno kwa moyo mkunjufu, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Walimchunguza Paulo mwenyewe, nao husifiwa kwa hilo. (Beroya ulikuwa mji wa Makedonia. Katika nchi iitwayo leo Makedonia ya Kaskazini, katika mji wa Veles, vijana walifungua mwaka 2016 tovuti zaidi ya mia moja za siasa za Marekani, nyingi zikiwa na habari za uongo, ili wapate fedha za matangazo. Hawakumpenda wala kumchukia mtu. Walihesabu wabonyezaji tu.)

Waalimu na wainjilisti wa mitaa, kwenu twaongeza neno. Siku hizi mashine za akili mnemba zaweza kuiga sauti ya mchungaji hata mkewe asiitambue, na kutengeneza picha ambayo jicho halioni kasoro. Msiwafundishe Wakristo kuhesabu vidole katika picha, maana mashine zimekwisha kujifunza vidole. Wafundisheni kuuliza habari imetoka kwa nani. Sauti ya mchungaji ikiomba fedha kwa simu, mtu akate, ampigie kwa namba aliyoizoea, au aende kwake kwa miguu. Mlango wa mchungaji haujahama. Na ujumbe ukija katika kundi la usharika, mwenye kuuleta aulizwe mbele ya kundi, kwa upole, ameupata wapi. Akijibu kuwa naye ametumiwa tu, uishie hapo. Aliyekwisha kueneza uongo aseme katika kundi lile lile ya kuwa alikosa. Kufuta kimya kimya hakutoshi, kwa sababu waliosoma wamekwisha kusoma.

Sisi tulifanya hivyo Jumapili iliyofuata, katika kundi, kisha mbele ya usharika baada ya matangazo. Haikuwa rahisi. Mama yule mzee wa Kanisa alikuwa ameketi safu ya pili. Kwaya ilichanga fedha za kulipa ndoo na mabeseni yaliyovunjika, na mtendaji akatupatia namba ya mchuuzi. Tulimtumia pamoja na maneno ya kuomba radhi, marefu kidogo. Alijibu siku ya tatu kwa neno moja, kwamba amepokea. Gulioni hajarudi.